Kanada ya watu 41: jinsi kamusi elezo ya Kigreenland ilivyofungwa

Kulikuwa na makala iliyosema Kanada ina watu 41. Si milioni 41. Arobaini na mmoja. Coaster moja ya Mbagala ingewabeba wote, waziri mkuu wao akining'inia mlangoni pamoja na konda. Makala hiyo iliandikwa kwa Kigreenland, ndani ya Wikipedia ya lugha hiyo, na kwa aliyezoea kuona tafsiri za mashine si vigumu kukisia kilichotokea. Kanada ina watu zaidi ya milioni 41. Neno "milioni" lilidondoka njiani, tarakimu zikafika peke yake. Mashine huzibeba tarakimu vizuri sana. Maneno ndiyo huyamwaga.

Mwaka 2025 Kamati ya Lugha ya Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, ilikubali Wikipedia ya Kigreenland ifungwe. Ombi halikutoka serikalini, wala kwa mtu mwenye chuki na kamusi elezo huru. Lilitoka kwa mkabidhi wake, yule yule mwenye funguo za kufuta kurasa na kuzuia waharibifu, mtu aliyeipigania kwa miaka kadhaa.

Nimekifuatilia kisa hiki kwa sababu mimi ni mmoja wa wale wanaopoteza jioni zao kurekebisha makala za Kiswahili, na pia kwa sababu kila ninapokisimulia, wenzangu hukimbilia jibu lile lile: aha, akili mnemba imeua kamusi elezo. Sivyo. Akili mnemba iliikuta maiti, ikaivalisha suti. Tukikosea hapo tutakosea kila kitu kinachofuata, likiwemo swali la nini kitazipata kamusi nyingine zinazoandikwa na watu wa kujitolea.

Tuanze na wenyewe. Greenland ni kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani, eneo lake ni zaidi ya mara mbili ya Tanzania, lakini watu wake hawafiki 60,000. Wote, pamoja na wachanga mgongoni, wangeenea Uwanja wa Benjamin Mkapa siku ya Simba na Yanga. Hakuna barabara inayounganisha mji na mji. Unapanda ndege, helikopta au boti. Lugha yao wenyewe wanaiita Kalaallisut, na tangu sheria ya kujitawala ya 2009 ndiyo lugha rasmi pekee, ingawa nchi bado iko ndani ya ufalme wa Denmark na Kidenmaki kingali na nguvu maofisini na vyuoni.

Usije ukadhani ni lugha isiyo na maandishi. Gazeti lao, Atuagagdliutit, lilianza kuchapwa Nuuk mwaka 1861. Huku kwetu Msimulizi, gazeti la wamisionari wa Unguja, lilitoka 1888. Sarufi ya Kigreenland ya mmisionari Samuel Kleinschmidt, ambayo tahajia yake ilitumika hadi walipoibadilisha mwaka 1973, ilichapwa 1851, miaka 31 kabla ya kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Krapf. Wana redio na televisheni yao, wana bunge linalojadiliana kwa lugha yao, wana taasisi ya lugha, Oqaasileriffik, inayofanya kazi zinazofanana na za BAKITA na kutengeneza hata vikagua tahajia. Kwa hiyo anayetafuta chanzo cha kisa hiki kwenye ujinga wa kusoma na kuandika atafute kwingine.

Toleo la Kigreenland lilifunguliwa mwaka 2003, mwaka ule ule lilipofunguliwa la Kiswahili. Enzi hizo lilikuwa jambo jepesi. Mtu anaomba, mtambo unawashwa. Kamati ya Lugha inayochuja maombi leo iliundwa baadaye, 2006. Imani ya wakati ule ilikuwa kwamba ukitandika jamvi, watu watakuja kukaa.

Walikuja. Ila hawakuwa wale waliotarajiwa.

Kuna watu duniani ambao burudani yao ni lugha. Wanajua kusema "asante" kwa lugha hamsini na hawawezi kuomba maji kwa hata kumi. Siwadharau; baadhi yao wamekuwa wahariri wazuri kuliko wenye lugha, na historia ya Kiswahili yenyewe imejaa wageni waliotuandikia kamusi. Lakini Krapf na Kleinschmidt walijifunza kwanza, kisha wakaandika. Hawa wa mtandaoni wengi wao waliandika kwanza. Walikuta makala ya mji fulani, wakaona muundo wake ("fulani ni mji wa fulani, una wakazi kadhaa"), wakabadilisha majina na tarakimu, wakahifadhi, wakaenda kwenye mji wa pili. Sisi kwenye Kiswahili makala fupi za namna hiyo tunaziita mbegu. Jina zuri. Nyingi hazijawahi kuona mvua.

Mkabidhi wetu, Mjerumani aliyeipenda Greenland tangu alipoitembelea akiwa kijana na baadaye akahamia Copenhagen kuisoma lugha, alishika funguo miaka ya mwanzo ya muongo huu. Alikuta makala kama 1,500, zilizoandikwa na mamia ya watu kwa muda wa karibu miaka ishirini. Kwa kadirio lake, kati ya mamia hao, Wagreenland walikuwa pengine mmoja. Au wawili.

Hapo ndipo penye kisa. Makala 1,500 si haba kwa lugha ya watu wasiofika 60,000. Kwenye jedwali la matoleo ya Wikipedia, lugha ilikuwa na mstari wake, idadi yake ya makala, idadi yake ya wahariri. Mtafiti aliyekaa Geneva akipima hali ya lugha ndogo kwenye intaneti angeiona akafurahi. Ukitazama jedwali tu, kila kitu kilikuwa kinakwenda. Ukisoma makala zenyewe, kwa mtu anayejua kusoma, hakukuwa na kitu.

Hatua ya kwanza ya mkabidhi ilikuwa kufuta karibu kila kitu. Nimewahi kufuta makala za watu na ninajua kazi hiyo ilivyo chungu. Unafungua ukurasa wa historia, unaona mtu alikaa saa moja na nusu usiku wa Jumapili akiandika aya tatu, bila malipo, bila shukrani, halafu wewe unabofya mara mbili, zinapotea. Ukifanya hivyo mara mbili kwa siku unajisikia hakimu. Ukifanya hivyo mara elfu, nadhani unaanza kujiuliza unalinda nini.

Na alipomaliza kufagia, uchafu uliendelea kuingia, sasa kwa mlango mpana zaidi. Kwa muda alikuwa ameshaona kwamba makala zaidi na zaidi zinabandikwa kutoka kwenye vitafsiri vya mashine. Juni 2024 Google iliongeza lugha 110 kwa mpigo kwenye kitafsiri chake, na Kalaallisut ilikuwa mojawapo. Kuanzia hapo, hata yule mpenda lugha aliyekuwa angalau anahangaika na kamusi na jedwali la viambishi hakuwa na haja ya kuhangaika. Unabandika Kiingereza, unatoa Kigreenland. Unachotoa kina herufi za Kigreenland, kina q za kutosha, kinafanana kabisa. Asiyejua lugha hana namna ya kujua kwamba baadhi ya maneno si maneno.

Kwa nini mashine inashindwa hapo kuliko inavyoshindwa kwetu? Mswahili anaweza kuelewa haraka kuliko Mwingereza. Sisi tunasema "wasipotuandikia" na ndani ya neno hilo moja mna wao, mna kanusho, mna sharti, mna sisi, mna kitendo, mna kwa faida ya nani. Kigreenland kinakwenda mbali zaidi kwa njia hiyo hiyo. Illu ni nyumba. Illoqarfik ni mji: mahali penye kuwa na nyumba. Kutoka hapo unaweza kuendelea kubandika viambishi, kila kimoja kikibadilisha sauti za kilichotangulia, hadi neno moja liwe sentensi nzima ya Kidenmaki. Kompyuta wanaiita qarasaasiaq, maana yake ubongo wa bandia. (Neno hilo walilitunga kabla akili mnemba haijawa gumzo la vijiweni. Waliona mbali.)

Sasa mashine hujifunza kwa kukutana na neno mara nyingi. Kwenye lugha ya namna hii neno refu laweza kuandikwa mara moja tu, na lisirudiwe tena popote. Kama una matrilioni ya maneno, kama Kiingereza, utabahatisha. Kama una vitabu, magazeti na kurasa chache za watu wasiofika 60,000, mashine inakata neno vipande, inakisia vipande, inaviunganisha kwa gundi yake. Mara nyingine inashindwa kabisa na kutapika herufi.

Kosa la kitafsiri kwenye Kiswahili huwa linajulikana kwa harufu. "Paris ni mtaji wa Ufaransa." "Walijenga kando ya benki ya mto." Niliwahi kukuta kwenye tovuti moja wasifu wa mchoraji aliyesifika, eti, kwa "bado maisha" yake. Ilinichukua dakika nzima kung'amua kwamba ni zile picha za matunda na chupa mezani. Nilicheka, nikarekebisha. Na "majira ya chemchemi" ndiyo kabisa, yameshazoeleka, kwa sababu tu Kiingereza kina neno moja kwa chemchemi ya maji na kwa miezi ambayo miti ya Ulaya inachipua. Sasa hivi nikiandika "majira ya kuchipua" kuna watakaodhani mimi ndiye nimekosea.

Angalia mfano huo wa mwisho, maana ndani yake mna hatari yenyewe kwa udogo. Kosa likirudiwa vya kutosha linakuwa lugha. Kiswahili kina watu wengi wa kulipinga: walimu, wahariri wa magazeti, watangazaji, bibi yako. Sasa hamishia jambo hilo kwenye lugha ambayo kurasa zake kwenye intaneti ni chache. Wanaojenga mashine za lugha hukusanya maandishi popote wanapoyapata, na Wikipedia ndiyo shamba lao la kwanza kwa sababu ni bure, ni safi kwa umbo, na imeshatenganishwa lugha kwa lugha. Mfano mmoja tu: mBERT, mashine ya lugha ya Google ya mwaka 2018, ilifunzwa kwa Wikipedia za lugha 104, Kiswahili kikiwemo. Kwa lugha kubwa Wikipedia ni kijiko kimoja ndani ya sufuria. Kwa lugha ndogo yaweza kuwa nusu ya unga wote. Mashine inatafsiri vibaya, mpenda lugha anabandika kwenye Wikipedia, mashine ijayo inajifunza kutoka Wikipedia kwamba hivyo ndivyo Wagreenland wanavyosema, inatafsiri vibaya kwa kujiamini zaidi. Mkabidhi aliogopa hilo kuliko aibu ya makala yoyote moja. Kamusi elezo iliyoanzishwa ili kuisaidia lugha ilikuwa inageuka kisima ambacho mtu anatupia takataka na mwingine anachota.

Jirani yao wa ng'ambo ya maji anaonyesha njia tofauti. Nunavut, kaskazini mwa Kanada, watu wanasema Kiinuktitut, ndugu wa damu wa Kigreenland. Bunge lao huandika mijadala kwa Kiinuktitut na Kiingereza, na wanaoitafsiri ni wafasiri wenye taaluma, wanaolipwa mshahara. Kutoka kwenye kumbukumbu hizo za bunge ilipatikana hazina ya jozi za sentensi zaidi ya milioni moja, na Microsoft ilipoweka Kiinuktitut kwenye kitafsiri chake Januari 2021, kulikuwa na kitu halisi cha kusimamia. Sisemi kitafsiri hicho hakikosei. Ninasema nyuma yake kuna watu waliojua walichoandika. Mfasiri wa bunge, mtu ambaye hakuna anayemfikiria tunapozungumzia uhuru wa maarifa, alifanya kilichoshindikana kwa mamia ya wapenda lugha. Kumbukumbu za Bunge la Dodoma, za miaka na miaka ya Kiswahili cha kusemwa na kupingana, ni shamba la namna hiyo hiyo.

Wanaokumbuka mambo ya mitandaoni watauliza kuhusu Kiskoti, lugha ya Uskoti iliyo karibu sana na Kiingereza. Agosti 2020 ilibainika kwamba makala zaidi ya 20,000 za Wikipedia ya Kiskoti ziliandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Alianza akiwa na miaka 12. Alichukua Kiingereza, akabadilisha tahajia kwa kukisia au kwa kuchungulia kamusi neno moja moja, akaendelea hivyo kwa miaka saba, akapandishwa kuwa mkabidhi. Hakukuwa na akili mnemba hapo, wala nia mbaya. Mtoto alidhani anasaidia, na hakuna mtu mzima aliyepita kumwambia.

Ila Waskoti waliposikia, walikasirika. Hasira yao ndiyo iliyoliokoa toleo. Walifika watu wa kituo chao cha lugha, wakafika waandishi na wasemaji wa kawaida, ikaitishwa siku ya kuhariri kwa pamoja kabla mwezi haujaisha, makala mbovu zikaanza kufutwa na nyingine kuandikwa upya. Sensa ya 2011 ilihesabu watu milioni moja na nusu wanaosema wanajua Kiskoti. Kati yao walipatikana wachache wenye muda na uchungu. Toleo lilioshwa, halikufungwa.

Kwa Greenland hasira hiyo haikutosha kuleta jumuiya ya wahariri. Huwezi kuwalaumu. Fanya hesabu ya haraka nami. UNESCO husema Kiswahili kina wasemaji zaidi ya milioni 200. Wahariri hai wa Wikipedia ya Kiswahili kwa mwezi huhesabika kwa mamia. Tuseme 400, kwa ukarimu, na wengi wao ni wa kubadilisha nukta moja na kuondoka. Hao ni wahariri wawili kwa kila watu milioni. Ipe Greenland uwiano huo huo na utapata sehemu ya kumi ya mtu mmoja. Mkono, labda, na bega.

Utasema wao wana umeme na intaneti nzuri kuliko mhariri wa Tunduru anayeandika kwa simu, akihesabu bando. Kweli. Basi zidisha mara kumi. Umepata mtu mmoja. Mtu mmoja hawezi kuwa kamusi elezo, kwa sababu kamusi ya namna hii inasimama juu ya kitu kimoja ambacho hakiandikwi kwenye kanuni: kwamba nikikosea, kuna mwenzangu atakayeona na kuniambia kwenye ukurasa wa majadiliano, "ndugu, hapa sivyo". Ukiwa peke yako, hata kama unajua lugha vizuri, hukosolewi na mtu. Na Mgreenland aliyesoma anapotaka kujua habari za Kanada tayari ana Wikipedia ya Kidenmaki na ya Kiingereza mfukoni. Atakwenda kule kulikoandikwa sana. Nasi tunafanya hivyo hivyo. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akitaka habari za mapinduzi ya Ufaransa hafungui ya Kiswahili kwanza, na tusijidanganye.

Sisi wenyewe tulishaonja kupenda idadi. Mwishoni mwa 2009 Google iliandaa shindano kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, na zawadi zilikuwa kompyuta na simu. Makala ziliingia kwa mamia. Nyingine zilikuwa nzuri, nyingine zilinuka kitafsiri, kile cha zamani kilichokuwa kibovu kuliko cha leo. Zawadi zilipokwisha kutolewa, wengi hawakuonekana tena, na kazi ya kupalilia ilibaki kwa wale wachache waliokuwapo tangu mwanzo, baadhi yao watu wa kizazi cha mwanablogu Ndesanjo Macha ambao walianza kuandika bila kuahidiwa hata kalamu. Kiswahili kilipona kwa sababu kulikuwa na wapaliliaji. Leo makala zetu zimepita 80,000, na ninaposikia mtu anajivunia idadi hiyo kwenye warsha, najikuta nikitamani kumwuliza amesoma ngapi.

Kuna hoja mbili dhidi ya uamuzi wa kufunga, na zote ninaziheshimu.

Ya kwanza: kwa nini wasingeacha makala chache safi, wakafunga mlango wa kuandika kwa wageni? Jibu ni kwamba kamusi elezo huru iliyofungwa kwa wageni inahitaji bawabu, na bawabu alikuwa mmoja, na bawabu huyo ndiye aliyeomba apumzike.

Ya pili ni nzito zaidi. Mjerumani anaomba, wanakamati waliotawanyika duniani wanakubali, na lugha ya watu waliotawaliwa na Denmark kwa karne kadhaa inapoteza nyumba yake kwenye kamusi kubwa kuliko zote. Inasikika vibaya. Nilipoisoma mara ya kwanza nilichukia. Baadaye nikajiuliza: ni nani aliyesikilizwa kidogo kuliko alivyostahili? Mlango wa majadiliano ya namna hii huwa wazi kwa yeyote. Wenye lugha wangefika hata kumi wakasema "acheni, tutaitunza", sioni kamati ingewezaje kuwakatalia. Na kama wenye nyumba hawaishi humo, hawakuijenga, na wageni wanaitumia kuandika ukutani maneno wanayodhani ni ya wenyeji, mimi sioni heshima gani wenyeji wanapata ikiendelea kusimama. Nilibadili mawazo. Naona walifanya sawa, na naona walichelewa kama miaka kumi.

Ninachokiogopa ni kingine, na hapa Greenland inatuhusu moja kwa moja. Oktoba 2025 shirika linaloendesha Wikipedia lilieleza kwamba watu halisi wanaofungua kurasa zake wamepungua kwa takriban asilimia 8 ukilinganisha na miezi hiyo hiyo ya mwaka uliotangulia, na likataja kama sababu mojawapo injini za utafutaji zinazotoa jibu papo hapo kwa akili mnemba. Kwa toleo la Kiingereza, lenye makala zaidi ya milioni saba na jeshi la wahariri, asilimia 8 ni homa. Mwaka huo huo wahariri wake walijiwekea kanuni ya kufuta haraka makala zinazoonekana wazi kuwa zimeandikwa na mashine bila mtu kuzikagua. Wana watu wa kuitekeleza kanuni hiyo. Sisi tutaitekeleza na nani?

Mhariri hazaliwi kwa tangazo. Mimi nilianza kwa hasira: niliikuta kata ya nyumbani kwetu imewekwa kwenye wilaya isiyo yake, kwenye kamusi elezo moja ya mtandaoni, na juu ya ukurasa palikuwa na neno dogo "hariri". Nilibofya nikidhani patatokea fomu ya malalamiko. Likafunguka boksi lenye maandishi yenyewe, nikafuta jina la wilaya, nikaandika sahihi, nikahifadhi. Mikono ilikuwa inatetemeka kidogo kama niliyeiba. Ningekuwa nimeuliza simu yangu na ikanijibu kwa sauti tamu kwamba kata yetu iko wilaya ya jirani, ningebishana na simu, kisha ningelala. Jibu la mashine halina neno "hariri" juu yake. Msomaji anapata alichokuja kuchukua, wakati mwingine sahihi kabisa, na haoni mahali pa kutia mkono. Lugha kubwa itachukua miaka kuhisi pengo hilo. Lugha ya kati kama yetu, yenye wahariri wa kuhesabu kwa mamia, italihisi mapema, na hakuna atakayetangaza. Ukurasa wa mabadiliko ya karibuni utakuwa tu na majina machache zaidi kila mwaka, na makala zitaendelea kuongezeka.

Tazama mambo hayo mawili yakikutana: makala zinaongezeka, majina yanapungua. Greenland ilikuwa hivyo kabla hatujajua kuiita kwa jina.

Kurasa zilizobaki za Kigreenland hazikuchomwa. Zilipangiwa kuhamia kwenye kile wanachokiita kiangulio, sehemu ya Wikimedia ambako matoleo hukaa kabla ya kuzaliwa, au baada ya kushindwa. Huko kila jina la ukurasa linaanza na alama Wp/kl, hakuna anuani ya peke yake, hakuna mstari kwenye jedwali la kujivunia. Yeyote anayejua Kalaallisut anaweza kuingia leo na kuandika. Ili toleo litoke tena, kamati itatazama kama kuna kikundi cha wahariri wanaoandika mfululizo kwa miezi kadhaa, na itatafuta mtu anayeijua lugha, asome, athibitishe kwamba kilichoandikwa ndicho.